Samaki wa dhahabu akiumwa, usimkimbilie na 'rangi mbili'!

  Mvua ya hapa Bukoba unaijua mwenyewe. Ikiamua kunyesha haimwogopi mtu, hata kama umevaa kiatu kipya.

Wiki hii naomba tuweke pembeni mambo ya mapenzi na fasheni. Nataka tuzungumze habari za samaki. Najua hapo kuna mtu ameshaanza kumfikiria sato wa kuchoma na ndizi pembeni, mate yanamdondoka. Hapana, mtu wangu! Hawa wa leo hawaliwi. Nazungumzia wale samaki wa dhahabu, wanaokaa kwenye tangi la kioo wakizungusha mikia yao kama mabibi harusi.

Siku hizi washkaji wengi wa mjini wanao. Ukiingia saluni utawakuta, ukienda hotelini utawakuta, na sebuleni kwa rafiki yako wapo karibu na televisheni. Kwa kweli wanapendeza. Kasheshe ni kwamba wengi wetu tunajua kununua tu. Wiki ya tatu samaki yuko chali juu ya maji, halafu tunasema, "Ah, hawa ni samaki wa Kizungu, hawawezi hali ya hewa ya huku kwetu."

Nani kasema ni wa Kizungu? Samaki hawa walianza kufugwa China zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, kabla Mzungu hajajua hata kuwatazama. Tena wanapenda maji ya ubaridi ubaridi. Bukoba yetu, ambayo joto lake kwa kawaida linacheza kati ya nyuzi 16 na 26, inawafaa kuliko hata Dar es Salaam. Kwa hiyo usisingizie hewa. Na usidhani wamezaliwa kuishi wiki tatu. Kule Uingereza kuna mmoja aliyeitwa Tish. Alipatikana kwenye michezo ya bahati ya tamasha mwaka 1956, akafa mwaka 1999 akiwa na miaka 43! Yaani mimi ninayeandika hapa sijafikisha umri wake.

Basi nisikilize nikupe mkasa ulionifanya nishike kalamu.

SIMU KUTOKA MULEBA

Dada yangu yuko Muscat, Oman, kwa kazi za ndani. Kabla hajaondoka alimnunulia mwanaye, kijana wa miaka tisa, samaki wawili wa dhahabu ndani ya bakuli la kioo. Mmoja mwekundu wa machungwa mtupu, mwingine ana baka jeupe mgongoni. Akamwambia, "Hawa utanitunzia mpaka nirudi." Halafu mtoto akapelekwa Muleba kukaa na mama yetu, bibi yake.

Sasa msomaji wangu, mtoto ukimwambia maneno kama hayo hachukulii kama mzaha. Kila dada akipiga simu, swali la kwanza ni, "Samaki wangu hawajambo?" Na kijana anajibu kwa kujidai, "Hawajambo, mama, wananijua. Nikija na chakula wanakuja mbele." Na ni kweli, samaki hawa hujifunza muda wa kula na mtu anayewalisha. Yale maneno kwamba kumbukumbu yao ni ya sekunde tatu ni porojo za kijiweni.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano, saa mbili usiku, simu yangu ikaita. Nikasikia sauti inatetemeka.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, vipi huko?"

"Mjomba, samaki wa mama wamemwagiwa chumvi."

"Nani kawamwagia chumvi?"

"Hakuna. Yaani wana vitu kama chumvi mwilini, haviondoki. Na nimewapa dawa lakini ndiyo wanazidi."

Nikauliza dawa gani. Weee! Kijana alikwenda duka la dawa, akamweleza muuzaji kwamba kuna mgonjwa nyumbani ana vipele. Akauziwa vidonge vya rangi mbili, vile vile tunavyovijua sisi sote, ambavyo Mswahili akiumwa jino anameza, akiumwa tumbo anameza, akikatwa na jembe anavifungua na kunyunyizia kwenye kidonda. Kijana naye akafungua viwili, akamwaga unga wote ndani ya bakuli. Maji yakatoa povu. Kesho yake maji yakawa na ukungu kama ya kuoshea mchele na samaki wakawa wanahema juu juu.

Kesho yake alfajiri nikapanda Hiace ya Muleba.

NILICHOKIKUTA

Mama alinipokea kwa kicheko. "Karibu baba. Umepanda gari kutoka Bukoba kuja kumwangalia samaki? Samaki asiyeliwa ana kazi gani hapa duniani?" Lakini nilimwona na yeye ana wasiwasi, maana mjukuu alikuwa hajala tangu jana.

Nikainama kwenye bakuli. Samaki wote wawili walikuwa na vidoa vyeupe, vidogo kama chembe za chumvi, kwenye mapezi, mkia na hata machoni. Mapezi wameyabana mwilini. Mara kwa mara mmoja anachomoka na kujisugua kwenye jiwe lililokuwa chini, kama ng'ombe mwenye kupe anavyojisugua kwenye mti.

Nikamuuliza kijana, "Umeongeza kitu chochote humu karibuni?" Akaangalia chini. Kumbe wiki mbili nyuma alikwenda mtoni na wenzake, akarudi na visamaki viwili vidogo na jani la majini, akavitia humo ili samaki wa mama "wasijisikie wapweke". Vile visamaki vilishakufa, akavizika nyuma ya mgomba.

Hapo nikawa nimepata jibu. Ugonjwa ule ni wa madoa meupe, na ni maarufu dunia nzima kwa wafugaji wa samaki. Hauletwi na bakteria. Unaletwa na kidudu kidogo, kimelea, ambacho kinajichimbia chini ya ngozi ya samaki na kula pale pale. Kila kidoa cheupe ni kidudu kimoja kinanenepa. Kikishiba kinadondoka chini ya tangi, kinajifunika na kujigawa kuwa mamia. Wale watoto wanatoka kuogelea kutafuta samaki wa kumpanda, na wasipompata ndani ya siku mbili tatu wanakufa.

Sasa sikiliza hapa kwa makini, maana ndipo penye siri yote. Kidudu kikiwa chini ya ngozi, dawa ya kwenye maji haikipati. Kikiwa kimejifunika kule chini, dawa haikipati. Kinapatikana kipindi kile tu cha kuogelea. Kwa hiyo ukitibu siku mbili, ukaona madoa yamepotea, ukashangilia na kuacha, umepigwa bao. Madoa yamepotea kwa sababu wameshuka kuzaana! Maji yakiwa na joto la nyuzi 25 mzunguko huo unaisha ndani ya wiki moja hivi. Kwenye baridi, kama kule milimani Muleba, unajivuta zaidi. Ndiyo maana tiba lazima iende wiki mbili bila kukatiza.

Na rangi mbili je? Zile ni dawa za kuua bakteria. Kimelea cha madoa meupe hakijali hata kidogo. Kibaya zaidi, ndani ya tangi kuna bakteria wazuri wanaomlinda samaki, na hao ndio dawa ile inaweza kuwafyeka. Kijana alikuwa amewaacha majambazi na kuwapiga risasi polisi. Tena kumbuka, dawa za namna hii zikitumiwa ovyo ovyo, bakteria wanazizoea, na siku wewe mwenyewe ukiumwa kweli haziponyi.

MAJI NDIYO HOSPITALI

Hao bakteria wazuri ni akina nani? Twende taratibu.

Samaki anapumua, anakula na kujisaidia ndani ya maji yale yale. Wewe ungeweza? Uchafu wake, na mabaki ya chakula yanayooza, hutoa sumu inayoitwa amonia. Kwenye tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoibadili amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine wanaibadili kuwa naitreti, ambayo ni afadhali na unaiondoa kwa kubadili maji. Bakteria hao wanakaa kwenye chujio na kwenye mawe. Wanahitaji kama wiki nne hadi sita kuzaliana vya kutosha. Ndiyo maana samaki wengi wanakufa mwezi wa kwanza. Hawajarogwa! Wanalala kwenye choo chao wenyewe.

Mimi mwenyewe yalishanikuta. Samaki wangu wa kwanza niliwaua kwa usafi. Kila Jumapili namwaga maji yote, nasugua tangi na chujio mpaka vinang'aa, natia maji mapya moja kwa moja kutoka bombani. Nilijiona bingwa kichizi. Kumbe nilikuwa nawafagia bakteria wazuri na kuwapaka samaki klorini ya bombani kwenye mashavu. Siku ya tano wakaondoka wote watatu kwa pamoja.

Kwa hiyo ukiona samaki ananyongea, kabla hujauliza "dawa gani?" uliza "maji yakoje?" Magonjwa mengi yanaanzia hapo. Fanya hivi:

Kwanza, badili maji kidogo kidogo. Robo ya tangi kila wiki inatosha kama samaki ni wazima. Akiumwa, robo mpaka theluthi kila siku.

Pili, maji ya bomba yalale kwenye ndoo iliyo wazi muda wa saa 24 ili klorini iondoke. Maji ya mvua, ambayo huku kwetu hatuna shida nayo, hayana madini ya kutosha. Usiyatumie peke yake, changanya na ya bomba, na yale ya mwanzo yaliyoosha bati usiyakinge kabisa. Ya ziwani na mtoni yaache huko huko, yanakuja na wadudu.

Tatu, chujio lisuuze ndani ya maji uliyotoa kwenye tangi, si bombani, na sabuni isisogee hapo.

Nne, lisha kiasi wanachomaliza ndani ya dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku. Samaki hawa hawana tumbo la kutunzia chakula kama letu, kinapita tu. Mkate, chapati na ugali kula wewe.

Tano, wape nafasi. Lile bakuli la kioo la duara, ondoa kabisa mawazoni! Samaki wa dhahabu anaweza kufikia urefu wa sentimita 20 na zaidi. Samaki wawili wanataka walau lita 75 mpaka 100. Huna mshiko wa tangi la kioo? Pipa safi la plastiki ambalo halikuwahi kubeba dawa wala mafuta linafaa, na samaki hajui kama ni pipa.

Umeme ukikatika na pampu ya hewa ikasimama, usiwalishe. Chukua kikombe, chota maji ya tangi na uyamimine kutoka juu, mara nyingi, kila baada ya muda. Maji yakichafuka hivyo yanabeba hewa.

DALILI ZA KUTAMBUA

Hebu kata kipande hiki ukibandike ukutani, usije ukasema hukuambiwa.

Anahema juu ya maji, mashavu yamekuwa mekundu, mapezi yana michirizi ya damu: hiyo ni sumu ya amonia au hewa haitoshi. Badili maji leo hii, acha kulisha siku moja au mbili. Baadaye akianza kupata mabaka meusi usiogope, mara nyingi ni ngozi iliyoungua inapona.

Madoa meupe kama chumvi mwili mzima na anajisugua: ndio ule wa Muleba. Lakini angalia usije ukamtibu bwana harusi! Dume akifika msimu wa kuzaa anatoa vidoto vyeupe kwenye vifuniko vya mashavu na ukingo wa mapezi ya mbele tu. Huyo haumwi, anatafuta mchumba.

Mapezi yanachanika na kuoza pembeni: bakteria, na nyuma yake karibu kila mara kuna maji machafu. Safisha maji, tia chumvi kidogo, na mengi hupona yenyewe.

Vitu kama pamba mwilini: fangasi, ambao hupenda kidonda kilichokuwepo. Tafuta kwanza nani anamjeruhi. Ni jiwe lenye ncha au ni mwenzake?

Anaelea kichwa chini, au anashindwa kuinuka chini: kibofu chake cha hewa kina matatizo. Hawa wa mwili wa duara ndio wanapata sana, hasa wakila chakula kinachoelea na kumeza hewa. Mnyime chakula siku mbili tatu, kisha mpe njegere moja iliyochemshwa na kumenywa. Usishangae, wengi husimama tena!

Tumbo limevimba na magamba yamesimama kama ganda la nanasi: hapo pagumu, mpenzi msomaji. Mwili umejaa maji kwa sababu figo zimeshindwa. Mtenge, msafishie maji, lakini jiandae kwa lolote. Kama anateseka, muone daktari wa mifugo. Wataalamu wanaweza kumlaza asiamke kwa dawa za usingizi, na mafuta ya karafuu ni mojawapo. Usimtupe chooni akiwa hai, huo ni ukatili.

CHUMVI, DAFTARI NA KIJANA WA MIAKA TISA

Turudi Muleba. Tulipata pipa la kuchotea maji, tukaliosha bila sabuni, tukatia ndoo tatu za lita 20. Bahati nzuri mama ana tabia ya kukinga maji ya bomba jana yake, kwa hiyo yalikuwa yameshalala. Tukamtafutia kijana pampu ndogo ya hewa.

Dawa yetu ilikuwa chumvi ya jikoni. Ile yenye madini joto haina neno, kiasi chake ni kidogo mno. Siku ya kwanza vijiko vitatu vya chai vilivyosawazishwa kwa kila ndoo moja. Siku ya pili vitatu tena. Siku ya tatu vitatu tena. Yaani mwishoni kila lita 20 ina vijiko tisa, karibu gramu mbili na nusu mpaka tatu kwa lita. Unaiyeyusha kwanza kwenye kikombe na kuimimina taratibu, usimwagie samaki mgongoni. Ukiona anayumba, punguza kwa kutia maji matupu.

Halafu hapa wengi wanakosea: chumvi haipai hewani. Maji yakipungua kwa jua, unaongeza maji matupu. Ukitoa ndoo moja na kutia nyingine, ndiyo unatia chumvi ya ile ndoo moja tu. Usipojua hesabu hii, kufikia siku ya kumi utakuwa umemgeuza samaki kuwa ng'onda.

Kila jioni tulifyonza takataka za chini kwa mpira mwembamba, maana wale wadudu wanazaliana kule chini. Usiufyonze kwa mdomo, ujaze maji kwanza. Dawa za dukani za ugonjwa huu zipo pia, ila nyingine ni kali na hazitakiwi kabisa kwa samaki wa kuliwa, hivyo usizitumie bila mtaalamu.

Nilimpa kijana daftari. Akapiga mistari kwa rula: tarehe, chumvi, maji, madoa mangapi, amekula au hajala. Mimi nikarudi Bukoba, yeye akawa daktari wa zamu.

Siku ya pili akapiga simu. Yule mwekundu mtupu amekufa. Alikuwa dhaifu tangu mwanzo, pengine zile rangi mbili na maji mabaya ya bakuli vilishammaliza. Kijana alilia mpaka simu nikaihamisha sikio. Halafu akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Mjomba, mama aliniambia niwatunze mpaka arudi. Sasa mmoja akifa, itakuwaje?"

Ningeweza kumwambia tutanunua mwingine anayefanana, mama hatajua. Wakubwa ndivyo tunavyofanya. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini nikamwambia, "Daftari liko wapi? Yule mwingine amekula leo?" Akaenda kuangalia. Amekula.

Siku ya sita madoa yakapotea yote. Mama akasema basi, samaki kapona, chumvi ya mboga imekwisha. Kijana akakataa katakata! Akamsomea bibi yake habari za wadudu kule chini, wanavyojifunika na kuzaa. Siku ya tisa vidoa vitatu vikarudi kwenye mkia. Siku ya kumi na moja hakuna. Siku ya kumi na nne hakuna. Wakaendelea siku tatu zaidi kwa tahadhari, kisha wakaanza kuitoa chumvi kwa kubadili maji, ndoo moja moja.

USIMPELEKE ZIWANI!

Baada ya pale mama alikuja na wazo, tena kwa huruma. Akasema huyu aliyebaki mpweke, kwa nini tusimpeleke ziwani akaishi na ndugu zake?

Hapana jamani! Sisi watu wa Kagera ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kusema hivyo. Sangara mnayemjua hakuwa mwenyeji wa Ziwa Victoria. Aliletwa na watu miaka ya 1950. Ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ameenea ziwa zima, na furu, ambao walikuwa na aina kama 500, wakapukutika. Inakadiriwa aina zipatazo 200 zilitoweka. Ni kweli sangara ameleta viwanda na fedha, sikatai. Lakini kilichoondoka hakirudi kwa kujuta.

Samaki wa dhahabu naye si mnyonge akitoka kwenye kioo. Mwaka 2021 mji wa Burnsville, jimbo la Minnesota kule Marekani, uliwaomba wakazi wake waache kuwatupa ziwani. Walikuwa wamekuwa wakubwa ajabu, wanachimbua tope na kung'oa majani ya chini. Na aliyetoka kuugua anaweza kubeba magonjwa yake. Kwa hiyo ukimchoka, mpe mtu mwingine. Akifa, mfukie shambani mbali na maji. Na maji ya tangi mwagia migomba, yale yasiyo na chumvi, nayo itakushukuru.

Jambo la mwisho linakuhusu wewe mwenyewe. Nawa mikono na sabuni kila ukitoka kushika tangi, na kama una kidonda usiingize mkono humo. Kuna bakteria wa samaki ambaye huleta kwa binadamu uvimbe na vidonda vya mkononi visivyopona kwa wiki nyingi. Vikikutokea, mwambie daktari kwamba unafuga samaki, maana usiposema hatakisia. Na samaki akizidiwa, muone daktari wa mifugo au afisa uvuvi wa halmashauri yako. Usidhani watakucheka. Wapo waliosomea mambo haya, kama pale FETA Nyegezi, Mwanza, na SUA, Morogoro.

Dada alipiga simu Jumapili. Nilikuwa Muleba siku hiyo. Akauliza kama kawaida, "Samaki wangu hawajambo?"

Kijana akanitazama. Mimi nikaangalia dari. Akavuta pumzi, akasema, "Mama, mmoja alikufa. Nilikosea, nilitia samaki wa mtoni halafu nikatia dawa ya watu. Lakini mmoja nimemponya. Nimeandika yote, nikusomee?"

Kukawa kimya huko Muscat. Halafu dada akasema, "Nisomee, baba." Akasomewa kurasa zote, tarehe kwa tarehe, mpaka salio la simu likaisha.

Haya mpenzi msomaji, nafasi yangu nami imeisha. Nenda kamwangalie samaki wako mapezi, halafu kakinge ndoo ya maji ilale. Tukutane tena wiki ijayo panapo majaliwa. Kwaherini!